Fundi wa Matundu Yasiyoelewana

Ukimpelekea Fundi laptop peke yake, alikurudisha nayo nyumbani. Hakujali kama umetoka Kyerwa kwa basi la asubuhi au umevuka barabara tu. Alikutazama juu ya miwani, akauliza, "Na mwenzake yuko wapi?" Ukimwambia mwenzake ni projekta iliyofungwa darini, au printa ya ofisi isiyobebeka, alisema basi atakuja yeye kuiona. Lakini kutengeneza kitu cha kuunganisha mashine mbili huku ameiona moja, hilo hakulifanya hata kwa mchungaji wake. Nilikuwepo siku mchungaji alipokuja na laptop mpya ya usharika akitaka iunganishwe na spika za kanisa.

"Baba Mchungaji," Fundi alimwambia, "umeniletea bibi harusi peke yake. Nifungishe ndoa na nani?"

Mchungaji alicheka, akarudi kuchukua spika.

Chumba chake kilikuwa Omurushaka, mji mdogo wa Karagwe, nyuma ya duka linalonunua kahawa na maharage, kiasi kwamba ukikaa humo nusu saa unatoka nguo zinanuka magunia. Kazi yake ilikuwa moja na hakutaka nyingine. Simu hakutengeneza. Redio alikuwa ameziacha zamani. Yeye alishughulika na matundu yasiyoelewana. Ulikuwa wakati laptop zilipoanza kuja nyembamba, zina tundu moja au mawili madogo ubavuni kama mdomo wa samaki, wakati vitu vyetu vingine vyote ni vya zamani: projekta zenye plagi pana ya pini nyingi, printa zenye tundu la mraba, runinga nzito za ofisini. Adapta za dukani zilifanya kazi wiki mbili, au zilikataa siku ya kwanza, na kompyuta ikaandika kwamba kifaa hakitambuliki. Watu walizitupa. Fundi aliziokota, akazifungua.

"Hiki kinaomba umeme kwa laptop," alinieleza mara ya kwanza, akinionyesha bodi ndogo kuliko kucha ya kidole gumba. "Na laptop yenyewe ina njaa. Anayeomba chakula kwa mwenye njaa atapata nini?"

Basi alitengeneza visanduku vyake mwenyewe. Vya mbao, vimepigwa msasa vizuri, ndani vimejaa bodi alizozitoa kwenye adapta zilizokufa na nyaya alizozilehemu upya, na kila kisanduku kilipata umeme wake kutoka nje, kwa sola au kwa chaja ya zamani. Unachomeka laptop upande mmoja, upande wa pili unachomeka projekta, printa na fleshi, na vyote vinaongea.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilitoka kwetu Muleba nikapangiwa shule ya sekondari Nyabiyonza, na kwa sababu nachapa haraka, mkuu wa shule akanikabidhi na chumba cha kompyuta. Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Fundi. Nilimfanyia jambo, na nitalifikia. Nataka kwanza umjue kama nilivyomjua mimi, usije ukadhani nilimkosea mtu wa hivi hivi.

Hakuitikia salamu akiwa anafanya kazi. Unaingia, unasema shikamoo, kimya. Mgeni alidhani ni kiburi. Moshi wa lehemu unapanda, mkono wake hautikisiki, na wewe umesimama. Akimaliza, anaweka pasi ya kulehemu kwenye kopo lake, anainuka, anapangusa mikono, anakuja hadi mlangoni ulipo. "Haya. Ile shikamoo yako niliisikia. Marahaba, waitu, ndugu yangu. Nyumbani hawajambo?" Kisha anakuuliza habari za kila mtu, na usipokuwa mwangalifu saa nzima inakwisha mkizungumzia migomba ya baba yako.

Aliyeunganisha kompyuta za nusu ya Karagwe hakuwa na kompyuta. Simu yake ilikuwa ile ndogo yenye tochi. Nilipomfundisha kuchapa barua alitafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, akikasirika kwamba hazikupangwa A, B, C. "Aliyepanga hivi alikuwa amelewa rubisi," alisema, na yeye mwenyewe hakunywa pombe ya aina yoyote.

Hakuandika kitu. Hakuwa na daftari. Alijivunia kumbukumbu yake kama baadhi ya wanawake wanavyojivunia nywele. Siku moja tulisimama naye stendi akimsubiri mtu, akashuka mama mmoja nesi wa zahanati ya Kyerwa, ambaye Fundi alikuwa hajamwona miaka mingi. Jina hakulikumbuka. Lakini alimwambia, "Wewe ni laptop ya kijivu, kioo kina ufa pembeni kulia, na printa yenu ilikuwa inameza karatasi. Tundu la mraba nilikuwekea upande wa juu kwa sababu meza yenu imegusana na ukuta." Yule mama alishika mdomo. Fundi akanigeukia, amefurahi hadi nikacheka.

Kitu kimoja tu alikiandika: karatasi ya chini. Chini ya kila kisanduku alibandika karatasi yenye herufi kubwa zilizonyooka, akaifunika kwa selotepu. Inasema tundu lipi ni la nini na lipi usiliguse. Hakukubali kisanduku kitoke bila hiyo karatasi, na hakukubali uondoke nacho bila kuisoma kwa sauti mbele yake, hata kama wewe ni mwalimu mwenye shahada.

"Mimi sitakuwepo wakati unachomeka," alisema. "Karatasi itakuwepo."

Sasa kisanduku cha shule yetu.

Tulipewa laptop mpya moja, nyembamba, na projekta yetu ilikuwa ya zamani. Fundi alikuja Nyabiyonza kuitazama, akakaa siku nzima chumba cha kompyuta, akapima, akauliza maswali. Kwa kuwa umeme wa gridi ulikuwa unakatika, alitaka kisanduku kiwe na matundu mawili ya umeme: la kushoto la waya wa sola, la kulia la chaja ya zamani ya kompyuta, ambayo umeme wake ni mkubwa zaidi. Shida ikawa moja. Waya wetu wa sola na chaja yetu vilikuwa na ncha zinazofanana. Yeye alitaka kukata ncha ya sola aweke nyingine ya umbo tofauti, ambayo angeiagiza Bukoba. Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia. Nilitaka kuwaonyesha wazazi picha za watoto wao na matokeo ya mitihani ya ndani kwenye ukuta, kitu ambacho shule yetu haikuwahi kukifanya.

"Mwalimu," aliniambia, "matundu mawili ya sura moja, umeme tofauti. Siku moja mtu atakosea."

"Nani atakosea, Fundi? Anayeshika ni mimi peke yangu."

Alizishika zile ncha mbili, akazilinganisha. "Sipendi," alisema. Lakini nilimbembeleza, na alikuwa ananipenda kama mtu anavyompenda mwanafunzi anayeuliza maswali, akakubali. Siku ya kukabidhi alibandika karatasi mbele ya macho yangu. KUSHOTO NI SOLA TU. USICHOMEKE CHAJA KUSHOTO. Nikaisoma kwa sauti. Akaniambia nirudie. Nikairudia huku nacheka.

Siku ya wazazi mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na betri ya sola ilikuwa imelala. Ukumbi umejaa, kina mama na vitenge vyao vya kanisani, wazee na fimbo zao, mkuu wa shule amemaliza hotuba na ameninyooshea mkono. Nilikuwa nyuma ya meza. Taa ya kisanduku ilizimika. Nikachomoa waya wa sola, nikashika chaja, na tundu lililokuwa wazi mbele yangu, lile nililotoka kuchomoa, nikalichomekea chaja. Sikufikiri chochote. Ulisikika mlio mdogo, kama mbegu ya mahindi ikipasuka kwenye kikaango, ikafuata harufu. Laptop ikazimika, haikuwaka tena. Humo ndani zilikuwa alama zote za kidato cha nne, na nakala nilikuwa sijatoa.

Mkuu wa shule aliwaambia wazazi kuna hitilafu kidogo, wakaimba wimbo, wakaenda kula. Mimi nilibaki na meza. Nilikigeuza kile kisanduku nikaiona karatasi, imetulia, herufi zimenyooka. Nikaingiza ukucha kwenye pembe ya selotepu.

Ilitoka yote mara moja. Ikabaki gundi. Kabatini kulikuwa na spiriti ya kusafishia ubao mweupe, nikachukua kitambaa nikapangusa mpaka mbao ikawa safi. Karatasi niliipeleka jikoni kwa wapishi, nikaitia chini ya sufuria ya maharage nikijifanya naangalia kama chakula kinatosha. Nilifanya haya yote kwa utulivu. Mara nyingi nimejaribu kujitetea kwamba nilipagawa. Sikupagawa.

Fundi aliitwa siku ya pili. Alifika kwa bodaboda, amevaa koti. Walimu wote tulikuwa ofisini. Alifungua kisanduku, akanusa, akagusa bodi iliyoungua, akasema bila kusita, "Chaja imeingia kushoto." Mkuu wa shule akauliza, mtu angejuaje kwamba haitakiwi kushoto? Fundi akakigeuza kisanduku amwonyeshe.

Alipitisha kidole gumba pale palipokuwa na karatasi. Akakipeleka kisanduku dirishani kwenye mwanga. Akapitisha kidole tena.

"Nilibandika," alisema. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, si uliisoma? Nilikwambia urudie, ukaisoma mara ya pili. Ulikuwa unacheka."

Walimu wote walinitazama.

"Sikumbuki, Fundi," nilisema. "Labda kilikuwa kisanduku kingine."

Ningesema tu kwamba sikumbuki, lingekuwa kosa la kawaida. Lakini nilimwongezea hiyo sentensi ya pili, nikampa njia ya kupita, naye akaipita. Niliona usoni mwake akipitia visanduku vyote kimoja kimoja, akitafuta ni kipi kingine nilichokisoma nikicheka. Mkuu wa shule alimwambia kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko ukali, "Mzee wetu, hizi kazi sasa waachie vijana."

"Ni kweli," Fundi alisema. "Inaonekana nasahau."

Tulizijaza upya zile alama kutoka kwenye madaftari, wiki tatu, na walimu wenzangu walinihurumia kwa kazi.

Hakuna aliyemfukuza Omurushaka. Watu waliendelea kumpelekea mashine, kwa jozi, kama alivyowafundisha. Ni yeye aliyeanza kukataa. Yule nesi wa Kyerwa alikuja kunisimulia baadaye kwamba Fundi alifika zahanati bila kuitwa, akaomba kuona kisanduku chake, akakigeuza chini, akatazama karatasi, akashukuru na kuondoka. Alikuwa amezunguka hivyo kila mahali, Karagwe na Kyerwa, kwenye shule, ofisi na makanisa. Kila kisanduku kilikuwa na karatasi yake.

"Nilidhani atafurahi," nesi alisema. "Lakini alisema, kwa hiyo ni ule mmoja tu. Akasema ndivyo inavyoanza, unasahau kimoja."

Baada ya hapo alifunga kile chumba akarudi kwenye kibanja chake cha migomba kijijini Kiruruma. Nilipopita Omurushaka nilikaa upande wa pili wa basi nisiuone mlango.

Miaka minne ilipita hivyo. Nilipopata barua ya uhamisho kurudi Muleba, walimu wenzangu walinipongeza, na mimi nikajua kwamba nikiondoka bila kusema, sitasema tena. Jumatatu moja niliomba ruhusa nikaenda Kiruruma asubuhi.

Mkewe ndiye aliyenipokea. Tulikuwa tunafahamiana kidogo. Aliniketisha, akaenda kunichemshia chai, nami nikatazama chumba. Kila mahali palikuwa na karatasi. Mlangoni: FUNGUO ZIKO MSUMARINI. Kwenye kabati: DAWA YA PRESHA, ASUBUHI, UKISHAKUNYWA WEKA ALAMA. Kwenye ukuta kalenda yenye alama za kila siku. Herufi kubwa, zilizonyooka, zimefunikwa kwa selotepu.

"Ni yeye," mkewe alisema alipoona natazama. "Anasema hakiamini tena kichwa chake. Amekaa tu hapa. Binti yetu amejifungua Bukoba, mtoto sasa anatembea, babu yake hajamwona. Mimi siwezi kuacha ng'ombe, na yeye kwenda peke yake hataki. Anasema atashuka pasipotakiwa."

Chai sikuinywa. Nilimfuata Fundi kwenye migomba, alikokuwa anakata majani makavu. Alikuwa amekonda. Nilisema shikamoo, akaitikia pale pale bila kungoja amalize, na hilo liliniumiza kuliko nilivyotarajia.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilianza na chaja, nikamalizia na jikoni kwa wapishi. Alisikiliza akiwa ameshika kisu cha kupogolea. Nilipomaliza hakuuliza kwa nini. Aliniuliza kama fundi.

"Gundi uliitoa na nini?"

"Spiriti. Ya ubao mweupe."

"Ndiyo maana sikuihisi kwa kidole." Alitazama kidole gumba chake. "Na uliisoma."

"Niliisoma mara mbili, Fundi."

"Ukicheka."

"Nikicheka."

Alichomeka kisu kwenye mgomba akaita, "Mama! Njoo usikie." Mkewe alipofika, mikono ina majivu, Fundi alisema, "Mwambie na yeye. Yote."

Nikarudia yote. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu yule mama hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama mumewe. Nilipofika kwenye ile sentensi ya kisanduku kingine, alisema polepole, "Mwanangu. Mtu mzima huyu amekuwa akiniuliza kila jioni kama amekula."

Nilipiga magoti pale kwenye majani. Fundi aliniambia niinuke, sauti kavu kabisa. Hakusema amenisamehe na wala sikumwomba, niliona si haki. Alitupita akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa viatu na lile koti, na mfuko mdogo mkononi.

"Baba, wapi?" mkewe aliuliza.

"Kwa mwanangu. Kumwona mtoto."

"Ngoja kesho nikuandalie ndizi uwapelekee."

"Kesho ya nini?"

Mkewe aliingia mbio akatoka na kijikaratasi chenye namba ya simu ya binti yao. Fundi akakikataa. Aliitaja ile namba kwa sauti, tarakimu moja moja, macho ameyaelekeza juu kama mtu anayesali. Mkewe aliifuata kwenye karatasi kwa kidole. Mwishoni kidole kikasimama. Aliinua macho akanitazama, mara ya kwanza tangu nikiri, na nikajua kwamba Fundi amekosea. Alimwekea sawa kola ya koti, na kile kijikaratasi akakidumbukiza mfukoni bila mumewe kujua.

Niliomba nimsindikize hadi Omurushaka. "Hapana," alisema, akaondoka kwa njia ya katikati ya migomba, hakugeuka.

"Je, kusahau huku ni wewe?" mkewe aliniuliza tulipobaki wawili. "Au ni uzee? Mimi sasa nitajuaje?"

Nilisema labda niondoke. Alisema, "Kaa. Mpaka apige."

Tulikaa mlangoni, simu yake juu ya kigoda katikati yetu. Alimenya matoke na mimi nikamenya. Jua lilipita juu, likaanza kushuka, majirani wakapita wakasalimia. Kila basi lililosikika mbali barabarani nililihesabu. Simu ilipolia yule mama aliiangusha, akaiokota, akabonyeza sauti kubwa. Nyuma kulikuwa na mtoto analia na mwanamke anacheka.

"Nimefika," Fundi alisema. "Nilishuka panapotakiwa."

Mkewe alifunika uso kwa kanga.

"Mwalimu bado yupo hapo?"

"Yupo. Anakusikia."

"Mkuu wa shule ni yule yule?"

"Ni yule yule, Fundi," nilisema.

"Basi nenda," alisema, akakata.

Nilipata bodaboda njiani. Nilipofika shuleni wanafunzi walikuwa wanafagia uwanja na walimu wengi walikuwa wameshaondoka. Mkuu wa shule alikuwa anafunga ofisi, funguo mkononi, akaniuliza habari za Kiruruma. Nilimwambia nina jambo la kumweleza, akauliza kama linaweza kusubiri kesho. Nikamwomba afungue.